Tiba za asili za madoa ya uzee Unguja

Madoa ya uzee ni mabaka bapa ya rangi ya kahawia au nyeusi yanayojitokeza kwenye ngozi ya watu wa makamo na wazee, hasa usoni, kwenye migongo ya viganja, mikononi na mabegani, yaani sehemu zilizopigwa na jua kwa miaka mingi. Hayaumi, hayawashi wala hayaambukizi. Katika kisiwa cha Unguja, Mji Mkongwe na mashamba, watu hujaribu kuyafifisha kwa vitu vya jikoni na vya bustanini: ndimu, manjano, shubiri mwitu, papai, asali, maziwa ya mgando, liwa na mafuta ya nazi. Baadhi ya vitu hivyo hulainisha ngozi na kuisaidia kidogo. Vingine havina athari yoyote kwenye doa. Viwili vitatu, ndimu ikiwa ya kwanza, vinaweza kuongeza weusi uleule unaotakiwa uondoke.

Jina na utambuzi

Kwa Kiswahili madoa haya hayana jina moja lililokubalika. Wengine husema madoa ya jua, wengine alama za uzee au mabaka ya uzeeni. Waganga wa hospitali hutumia jina la Kilatini, lentigo solaris. Neno lentigo linatokana na dengu, kwa sababu ya umbo na rangi ya doa. Zamani Ulaya yaliitwa madoa ya ini kwa kudhaniwa kuwa yanatokana na ugonjwa wa ini, na Wafaransa bado huyaita kwa utani maua ya makaburini. Ini halihusiki hata kidogo.

Doa la uzee la kweli huwa na ukubwa wa milimita chache hadi sentimita moja au zaidi. Halikuinuka juu ya ngozi na kingo zake zinaonekana wazi. Huanza kuonekana baada ya miaka 40 na kuongezeka baada ya 50. Kwa watu wenye ngozi nyeusi hutokea kwa nadra kuliko kwa watu weupe, na ndiyo maana mambo mengi yanayoitwa madoa ya uzee Unguja huwa ni kitu kingine. Vijinyama vidogo vyeusi vinavyoota mashavuni na pembeni mwa macho, ambavyo hurithiwa katika familia nyingi za Kiafrika, si madoa ya uzee. Vimeinuka, na hakuna cha kupaka kinachoviondoa. Mabaka mapana ya kahawia yanayokaa sawasawa kwenye mashavu yote mawili, paji la uso na juu ya mdomo huitwa melazma. Huwapata zaidi wanawake, hasa wakati wa ujauzito au wanapotumia vidonge vya uzazi wa mpango. Weusi unaobaki baada ya chunusi, kuungua au kujikuna ni kumbukumbu ya jeraha. Alama ya sijida kwenye paji la uso hutokana na msuguano na mswala.

Kuna weusi mmoja unaostahili kutajwa peke yake. Shingo au makwapa yakibadilika kuwa meusi, manene na yenye mguso kama wa mahameli, mara nyingi mwenyewe husuguliwa ndimu na kuambiwa kwamba haogi vizuri. Hali hiyo (acanthosis nigricans) mara nyingi ni dalili kwamba mwili umeanza kushindwa kuitumia insulini, na huweza kutangulia kisukari kwa miaka. Anayeiona anahitaji kupimwa sukari kabla ya kufikiria kitu cha kupaka.

Jinsi doa linavyotokea

Rangi ya ngozi hutokana na melanini, inayotengenezwa na seli maalumu zilizo chini ya tabaka la juu la ngozi kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho tirosinasi. Kazi ya melanini ni kukinga. Miale ya urujuanimno ya jua inapoingia, seli hizo hutengeneza rangi zaidi na kuigawa kwa seli za jirani. Baada ya miaka mingi ya kupigwa na jua baadhi ya seli hubadilika, na mahali hapo huendelea kutoa rangi nyingi hata mwenyewe akikaa ndani.

Maelezo haya ndiyo ufunguo wa kuzipima tiba zote za nyumbani. Tabaka la juu la ngozi hujibadilisha kila baada ya wiki nne hivi kwa kijana, na huchukua muda mrefu zaidi kwa mzee. Kitu kinachosugua au kuchuna juu juu huondoa seli zilizokufa na kuifanya ngozi ing'ae, lakini chanzo cha rangi kiko chini yake na kitaipeleka rangi nyingine. Ili doa lififie kweli lazima utengenezaji wa melanini upunguzwe kwa wiki 8 hadi 12 au zaidi, na katika muda wote huo jua lizuiwe. Tiba inayodaiwa kuondoa doa kwa siku 3 au ni uongo, au inaunguza.

Jua la Unguja

Unguja iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na kwa sehemu kubwa ya mwaka kipimo cha miale ya urujuanimno wakati wa mchana hufikia 11 au zaidi, kiwango cha juu kabisa katika mizani ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Saa mbaya ni kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Mawingu si kinga ya kutegemewa, kwa kuwa hadi asilimia 80 ya miale hiyo hupenya mawingu mepesi.

Ndani ya Mji Mkongwe vichochoro ni vyembamba na kuta ni ndefu, kwa hiyo mtu anaweza kutoka Shangani hadi Darajani akiwa kivulini karibu njia nzima. Pwani ya mashariki hali ni nyingine. Katika vijiji kama Paje, Jambiani na Bwejuu kilimo cha mwani kilianza kama biashara mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Kazi hiyo hufuata bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo maji hutoka sana kuanzia katikati ya asubuhi na kuendelea kuelekea adhuhuri. Ndizo saa zilezile ambazo jua ni kali. Kwa hesabu za WHO mchanga mkavu hurudisha takriban asilimia 15 ya miale na povu la bahari asilimia 25, na nusu mita chini ya maji nguvu ya miale bado ni asilimia 40 ya ile ya juu. Mkulima aliyeinama kufunga mbegu kwenye kamba hupigwa kutoka juu na kutoka chini pia, na kofia pana haiwezi kuukinga uso wake peke yake. Wavuvi wana hali hiyohiyo.

Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili. Vipimo vilivyofanywa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970 vilionyesha kwamba ngozi nyeusi hukinga kwa kiwango cha takriban 13, na ya Wazungu takriban 3. Ni kinga nzuri, lakini hailingani na miaka 20 ya bamvua.

Singo, liwa na dalia

Vipodozi vya asili vya Unguja vilikuwapo kabla ya mtu yeyote kuzungumzia kufifisha madoa. Kilichojulikana zaidi ni singo, mchanganyiko wa kusugulia mwili unaotumiwa hasa kumtayarisha bi harusi. Somo au kungwi humsinga kwa siku kadhaa kabla ya harusi, huku akimfundisha mambo ya ndoa. Kila nyumba ina namna yake: maua ya mlangilangi, mawaridi, asumini, kilua, mrehani, karafuu, manjano na liwa hupondwa kwenye kinu na kulowekwa kwa marashi ya mawaridi. Karafuu na manjano hutoka kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani, Kindichi na kwingineko, na huuzwa Darajani, kwenye marikiti kuu iliyojengwa mwaka 1904.

Liwa ni unga wa mti wenye harufu nzuri wa jamii ya msandali, unaosagwa juu ya jiwe pamoja na maji hadi uwe uji mzito wa kupaka usoni. Dalia ni unga wa manjano wa kujipodoa. Mila hiyo imeenea pwani yote na visiwani. Wanawake wa Komori hupaka msindzano, na kaskazini mwa Msumbiji hupakwa mussiro kutokana na mti wa Olax dissitiflora. Ndugu wa Kingazija walio Mji Mkongwe wamekuwa wakiyafahamu yote mawili, liwa ya Unguja na msindzano wa kwao.

Lengo la vitu hivi lilikuwa ulaini, ubaridi na harufu, na kwa hayo vinafanya kazi. Kuhusu madoa, jambo la maana zaidi huenda ni unene wa liwa yenyewe: uso uliofunikwa na unga mzito hupata mwanga mdogo kuliko uso mtupu. Katika maabara alfa-santaloli, iliyomo kwenye mafuta ya msandali wa India (Santalum album), imeonyesha uwezo wa kuzuia tirosinasi, lakini matokeo ya bomba la maabara ni tofauti na matokeo ya shavu la mtu. Pia si kila liwa ya dukani ni msandali huo. Msandali wa Afrika Mashariki (Osyris lanceolata) umekatwa kiasi cha kuingizwa mwaka 2013 katika orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES.

Tahadhari moja katika singo ni karafuu. Mafuta yake yana eujenoli kwa wingi, nayo huwasha ngozi, hasa ya uso. Karafuu iliyopondwa ikichanganywa kidogo na vitu vingine na kuoshwa haileti shida kwa wengi, lakini mafuta ya karafuu yakipakwa matupu juu ya doa huunguza, na ngozi nyeusi iliyoungua hupona ikiwa nyeusi zaidi.

Ndimu

Ndimu ndiyo tiba inayotajwa kuliko zote, na ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote za jikoni. Hoja yake inaonekana ya maana: ndimu hutoa madoa kwenye nguo na kung'arisha vyombo, tena ina vitamini C, ambayo kweli huzuia utengenezaji wa melanini. Hata hivyo, vitamini C ya kwenye maduka ya dawa huwekwa kwa kiwango kikubwa, mara nyingi asilimia 10 hadi 20, na katika hali isiyoharibika upesi. Ile ya ndimu iliyokamuliwa ni kidogo na huharibika haraka kwa hewa na mwanga. Kinachobaki kwenye ngozi ni asidi kali, ya pH kati ya 2 na 3, wakati ngozi yenyewe iko karibu na 5.

Hatari haiishii kwenye asidi. Ndimu, na zaidi ganda lake, ina kemikali ziitwazo furanokumarini. Hizi haziumizi gizani. Zikikaa kwenye ngozi na kupigwa na jua hugeuka sumu kwa seli, na baada ya siku 1 hadi 3 mahali hapo huwa pekundu, hutoka malengelenge, kisha hubaki baka jeusi linaloweza kudumu kwa wiki nyingi au miezi. Mara nyingi baka huonyesha umbo la jinsi maji ya ndimu yalivyotiririka: mistari kwenye kidevu, matone kwenye mkono, alama za vidole. Ndiyo sababu mtu aliyejipaka ndimu usiku, akalala bila kunawa na kuamkia jua la shambani, huona doa lake likizidi badala ya kupungua, na wengi hudhani kwamba ndimu haikutosha.

Wanaokamua ndimu kwa kazi nao wanaweza kupata mistari hiyo mikononi, kwa mfano wauzaji wa maji ya miwa wanaofanya kazi juani. Kunawa kwa sabuni mara baada ya kukamua, mpaka vifundoni, kunatosha kuzuia. Limau na baadhi ya machungwa yana tatizo hilohilo kwa viwango tofauti. Siki haina furanokumarini, lakini ikipakwa bila kuchanganywa na maji huunguza kama asidi nyingine, na hivyo hivyo mbirimbi, tunda la achari lenye asidi nyingi ya oksali. Magadi soda hufanya kinyume: huvuruga asidi ya kawaida ya ngozi na kuiacha kavu na yenye kuwasha.

Shubiri mwitu, manjano na vitu vingine vya bustanini

Shubiri mwitu (Aloe vera na jamaa zake) ina msingi bora wa kisayansi kuliko ndimu, ingawa si mkubwa kama inavyosemwa. Ute wake hupoza na kuipa ngozi unyevu, na ndani yake mna aloesini, kemikali inayopunguza kazi ya tirosinasi. Utafiti wa Korea Kusini uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba aloesini iliyosafishwa, ikipakwa mara kadhaa kwa siku kwa muda wa siku 15, ilipunguza weusi ulioletwa na miale ya taa. Weusi huo ulikuwa mpya, na dawa ilikuwa aloesini yenyewe wala si ute wa jani. Doa la miaka 20 ni jambo jingine.

Jani likikatwa hutoa kwanza utomvu wa njano ulio mchungu sana, ndio shubiri yenyewe, ambao baadhi ya wamama huupaka kwenye chuchu ili kumwachisha mtoto ziwa. Utomvu huo huwasha ngozi. Jani husimamishwa wima kwa dakika 10 au 15 ili utiririke, kisha huoshwa na kumenywa, na hutumiwa ute mweupe wa ndani tu.

Manjano yana kurkumini, inayopunguza uvimbe na ambayo maabara zimeona ikizuia tirosinasi. Shida yake ni kwamba haipenyi ngozi kwa urahisi na huharibika kwa mwanga. Huacha rangi ya njano kwa siku moja au mbili, jambo lililopendwa kwa bi harusi lakini lenye kumsumbua mtu wa ofisini; rangi hiyo pia hulificha doa kwa muda na kumfanya mtumiaji aamini kwamba limepungua. Manjano mabichi ya shambani ni salama kuliko unga wa rangi kali usiojulikana ulikotoka: mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba huko Bangladesh baadhi ya manjano yalikuwa yametiwa rangi yenye madini ya risasi.

Papai lililoiva lina kimeng'enya cha papaini ambacho hulegeza seli zilizokufa juu ya ngozi. Hulainisha, basi. Utomvu mweupe wa papai bichi una nguvu kubwa zaidi na huunguza, haufai usoni. Maziwa ya mgando yana asidi ya lakti, ambayo ni dawa ya kweli ya kuchuna ngozi hospitalini, lakini katika maziwa ni takriban asilimia 1 tu wakati losheni za dawa huwa na asilimia 5 hadi 12. Hayadhuru, na mwenye ngozi kavu atayafurahia. Asali hushika unyevu. Kiazi mviringo kibichi na kitunguu hupendekezwa sana, lakini hakuna ushahidi wa maana kwa kimojawapo. Mafuta ya habasoda yana taimokwinoni, inayopunguza uvimbe, lakini yakipakwa bila kuchanganywa na mafuta mengine yameshawaletea watu upele mkali.

Mzizi mtamu wa mmea wa Glycyrrhiza glabra, unaouzwa na wauza dawa za asili, una glabridini. Nayo huzuia tirosinasi, na vipodozi vingi vya viwandani huitumia. Unga wake nyumbani hautoi kiwango kinachojulikana, lakini kati ya vyote vilivyotajwa hapa ndio pamoja na shubiri mwitu wenye hoja nzuri zaidi.

Mafuta ya nazi huilinda ngozi isikauke baada ya kuoga maji ya chumvi. Kinga yake dhidi ya jua ni ndogo mno, na kuyapaka kabla ya kwenda ufukweni badala ya losheni ya jua ni kosa la kawaida kwa wenyeji na wageni. Sabuni na mafuta ya mwani, yanayotengenezwa na vikundi vya wanawake Paje na Kidoti, yako katika kundi hilohilo: karajinani ya mwani hushika maji na kuifanya ngozi iwe laini, lakini haifuti madoa.

Hina na piko

Kwa kuwa madoa mengi huwa kwenye migongo ya viganja, wanawake wazee wengi huyafunika kwa hina wakati wa sikukuu na harusi. Hina ya majani ni salama kwa watu wengi. Piko, wino mweusi unaokauka haraka na unaochorwa pia kwa watalii, mara nyingi hutengenezwa kwa rangi ya nywele yenye parafenilenediamini. Hii huweza kuleta mzio mkali wenye malengelenge, na mchoro hubaki kama kovu au baka kwa miezi. Aliyepata mzio mara moja atauona tena akipaka rangi ya nywele ya aina hiyo, pengine miaka mingi baadaye.

Mkorogo

Anayechoka kusubiri ndimu na manjano mara nyingi huishia kwenye mkorogo, yaani mchanganyiko wa krimu, losheni na sabuni za kuchubua unaotayarishwa dukani au saluni. Muuzaji anaweza kuuita wa asili na kuutia rangi ya karoti au harufu ya papai. Ndani yake mara nyingi huwa na haidrokwinoni, steroidi kali au zebaki, vyote bila vipimo.

Haidrokwinoni hufifisha madoa kweli, na madaktari huiandika kwa kiwango kidogo na kwa miezi michache. Ikitumiwa kwa miaka na bila kujikinga na jua hugeuka: ngozi huota weusi wa samawati usiotoka, uitwao okronosisi. Hali hiyo ilielezwa mwaka 1975 kwa wanawake wa Afrika Kusini, nchi ambayo baadaye, mwaka 1990, iliiondoa haidrokwinoni kwenye vipodozi. Steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba na kuonyesha mishipa, na mtumiaji akiacha ghafla uso huwaka na kutoka chunusi, kwa hiyo hurudi kwenye mkorogo. Zebaki huingia mwilini, huharibu figo na mishipa ya fahamu, na mvuke wake huwafikia watu wa nyumba nzima pamoja na mtoto aliye tumboni. Kifungashio kinachoonya kwamba krimu isigusane na dhahabu, fedha au mpira ni dalili ya zebaki.

Vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku Tanzania. Zanzibar usimamizi uko kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar (ZFDA). Tanzania Bara kazi hiyo ilikuwa ya Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) hadi mwaka 2019, ilipohamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Matumizi salama nyumbani

Anayetaka kujaribu kitu cha bustanini huanza kwa kukipaka kidogo ndani ya mkono karibu na kiwiko na kusubiri siku mbili. Pasipo wekundu wala kuwashwa, hutumia kitu kimoja tu kwa wakati, jioni, na kukiosha kabla ya kulala. Kusugua kwa nguvu kwa chumvi, sukari au jiwe hakufai kwa ngozi nyeusi, kwa sababu kila mkwaruzo huweza kuacha baka lake. Picha moja inayopigwa kila mwezi mahali palepale na kwenye mwanga uleule husema ukweli kuliko kioo.

Kilichothibitika kuliko vyote ni kivuli. Mtandio, baibui, mikono mirefu, kofia ya ukindu na mwavuli huzuia miale mingi, ingawa pamba nyembamba iliyolowa huzuia kidogo kuliko ikiwa kavu, jambo linalowahusu wakulima wa mwani. Losheni ya jua yenye kinga ya 30 au zaidi hupakwa tena kila baada ya saa mbili. Losheni zenye rangi ya kahawia, zilizotiwa oksidi ya chuma, huwafaa zaidi wenye ngozi nyeusi: huzuia pia mwanga wa kawaida unaochochea melazma, na haziachi uso na weupe wa chokaa. Bei ndiyo kikwazo. Kwa watu wenye ualbino, ambao kwao jua ni suala la uhai, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC mjini Moshi kimekuwa kikitengeneza losheni iitwayo Kilisun.

Wakati wa kumwona daktari

Doa la uzee halihitaji matibabu, ila halipaswi kudhaniwa tu. Saratani ya ngozi huweza kuanza kama doa. Dalili za kutisha ni doa ambalo pande zake mbili hazifanani, kingo zake zimechanika, lina rangi zaidi ya moja, limezidi milimita 6 au linabadilika, pamoja na lile linalotoka damu au kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja. Kwa watu weusi melanoma hupendelea mahali ambapo hakuna anayetafuta madoa ya uzee: nyayo, viganja na chini ya kucha. Mwanamuziki Bob Marley alifariki mwaka 1981 kwa melanoma iliyoanzia chini ya kucha ya kidole cha mguu, ambayo mwanzoni ilidhaniwa kuwa jeraha la mpira. Kwa mtu mwenye ualbino kila kidonda au gamba jipya kwenye ngozi linahitaji kuonwa mapema, na hakuna mmea wa kujaribu kwanza.

Unguja uchunguzi huanzia kituo cha afya cha karibu, na rufaa hupelekwa hospitali ya Mnazi Mmoja. Madaktari wa ngozi hutumia krimu za tretinoini, haidrokwinoni kwa muda maalumu, asidi za kuchuna, leza, au kugandisha doa kwa nitrojeni ya kimiminika. Njia hii ya mwisho hufaa zaidi kwa ngozi nyeupe. Seli zinazotengeneza rangi hufa kwa baridi mapema kuliko seli nyingine za ngozi, na kwa mtu mweusi mahali palipokuwa na doa jeusi panaweza kubaki na doa jeupe la kudumu.